Sikio la Kalilu Marong

“Gololi ya mtu yeyote ikidondoka, mimi nitajua imedondokea pipa gani. Kengele nimezifunga mimi. Nitakaa zangu nje pale niwataje mmoja mmoja: huyu wa Malkia, huyu wa jamhuri.”

Hayo aliyasema Kalilu Marong, fundi baiskeli wa Dasilami, mbele ya kijiji kizima, mwezi wa kung’oa karanga, mwaka uleule nchi ilipopata uhuru. Dasilami ziko nyingi Gambia; kila penye msikiti na mbuzi wawili watu hupaita Dasilami. Yetu ni ile ya barabara ya Farafenni. Mkutano ulikuwa umeitishwa na karani kutoka mji mkuu, Bathurst, kijana wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, aliyekuja kuwaeleza watu kura ya maoni. Uhuru tulikuwa tumeupata, lakini mkuu wa nchi alibaki kuwa Malkia wa Uingereza. Sasa wananchi waamue: abaki, au nchi iwe jamhuri na mkuu wake atoke miongoni mwetu?

Kupiga kura kwetu ni kwa gololi. Unapewa moja, unaingia nyuma ya pazia peke yako, unakuta mapipa. Unaitumbukiza kwenye mrija wa pipa unalolitaka, inateremka, inagonga kengele ya baiskeli iliyofungwa ndani, ngriing, halafu inatua mchangani kimya. Aliyeko nje akisikia mlio mmoja anajua umemaliza. Akisikia miwili, unatoka humo ukiwa umeshikwa shati. Ndiyo sababu siku ya kura baiskeli hazisogei karibu na kituo, asije mpumbavu mmoja akakwepa kuku barabarani na kumpigia Malkia kura.

Sasa kengele zilizokuja na mapipa hayo mawili zilifika zimevunjika. Barabara yetu ilikuwa na mashimo ambayo mengine yana majina. Karani akauliza nani ana kengele, na watu wote wakamtazama Kalilu. Akaleta mbili, mpya, kutoka boksi moja, akazifunga mbele ya karani: moja kwenye pipa jeupe la jamhuri, nyingine kwenye pipa jekundu la Malkia. Kisha bibi mmoja akauliza kama kweli kura ni siri. Karani akamjibu kwamba mlio wa kengele ni uleule kwa mapipa yote, hakuna awezaye kuujua. Hapo ndipo Kalilu aliposhindwa kujizuia. Mgeni kutoka Bathurst, asiyeweza kuvalisha mnyororo uliochomoka, amfundishe yeye habari za kengele katika kijiji chake? Akasimama, akasema aliyoyasema.

Karani alicheka. Watu hawakucheka.

Kalilu alikuwa mwembamba kama spoki, na mdomo ulioanza kujibu kabla swali halijaisha. Alitengeneza baiskeli vizuri na alidanganya vizuri, na mara nyingi yote mawili aliyafanya bure, ndiyo maana watu walimpenda. Alidai kwamba pampu yake iliwahi kujaza tairi la lori la gavana. Alidai kwamba anaweza kujua njaa ya mtu kwa kusikiliza anavyokanyaga pedeli. Nani angehangaika kumbishia? Ulikuwa uongo wa kuburudisha, unaumeza pamoja na chai na unaendelea na safari.

Banda lake la ufundi lilikuwa awali la baba mkwe wake, Sajini Nfally Sanneh. Sajini alikwenda kupigana Burma katika jeshi la Mfalme, baba yake Malkia, akarudi na nishani, kikohozi, na ujuzi wa baiskeli. Vijana wenzake wa Dasilami aliokwenda nao hawakurudi. Kalilu alikuwa mwanafunzi wake. Sajini alimpa spana kwanza, binti baadaye.

Binti huyo ni Mbinki. Alipewa jina la mama mzazi wa Sajini, kwa hiyo tangu azaliwe baba yake hakumwita Mbinki hata siku moja. Alimwita “mama”. Na si kwa mdomo tu. Kila alipokutana naye alivua kofia. Wazee waliokuwepo walisema ilikuwa kichekesho kumwona sajini mzima, mwenye nishani kifuani, anamvulia kofia mtoto anayenyonya kidole. Mbinki alikua, akaolewa, akazaa Sarjo, na bado kofia ilivuliwa.

Kila alasiri Sajini alikuja bandani, akakaa kwenye gurudumu la lori lililozikwa nusu, Kalilu akachemsha ataya, chai yetu ya kijani, na mjadala ukaanza pale ulipoachwa jana. Kalilu alikuwa katibu wa vijana wa chama, na chama kilitaka jamhuri. Kijiji chote kilitaka jamhuri. Sajini peke yake alimtaka Malkia, na alibishana kama mtu aliyezingirwa lakini ana risasi za kutosha.

“Baba,” Kalilu alimchokoza, “huyo Malkia wako amewahi kula mchuzi wetu wa domoda?”

“Hajala. Na karanga zako pia hajala. Subiri mumpate huyo wa kwenu, uone zitaliwa na nani.”

“Mtoto akikua anajenga kwake. Hata uwapende vipi wazazi, hutazeekea chumbani kwao.”

“Na wewe hapa uliposimama umejenga?”

Watu waliokuja kuziba pancha waliangua kicheko, na Kalilu naye akacheka, maana paa lililokuwa juu yake lilijengwa na mzee. Waliokuwepo wanasema raha yenyewe ilikuwa hiyo. Mkwe na baba mkwe kwa desturi hawatazamani usoni, lakini hawa walikuwa mwalimu na mwanafunzi kabla hawajawa wakwe, na kila mmoja alijua mwenzake anapata wapi maneno yake.

Sajini alikuwa na hoja yake moja ambayo hakuna aliyewahi kuing’oa. Alisema Malkia hamjui jina, na hiyo ndiyo raha yake: asiyekujua jina hawezi kukuchukia. “Huyu mnayemtaka,” alisema, “atanijua jina, atajua la baba yangu, na atajua shamba langu linaishia mti gani. Siku nikimuudhi nitajificha wapi?” Kalilu alimjibu kwamba yeye ndiye anayemtaka huyohuyo anayejua jina, maana akipata shida hawezi kuiita picha kwenye shilingi. Sajini akasema picha kwenye shilingi haijawahi kumlazimisha mtu kuipigia makofi. Mwaka huo hoja hiyo ilionekana ya kizee. Wenye diploma zao siku hizi wanaiandikia kurasa mia mbili.

Lakini hoja si sababu. Sababu yake Sajini aliisema mara moja tu, siku ambayo hapakuwa na wateja.

“Niliapa kwa baba yake yule mwanamke,” alisema. “Kwa kiapo hicho niliwazika kina Lamin na Dodou kwenye matope. Sasa nikatumbukize gololi niseme kiapo kilikuwa cha bure? Wao nitawaambia nini?”

 Kalilu akachukua pampu akajaza tairi ambalo lilikuwa limejaa.

Mzee alijua atashindwa. Hilo halikumsumbua, waliowahi kushindwa vitani hawaogopi kushindwa kwa gololi. Alichoogopa ni kuwa peke yake. Kwa hiyo alimwendea binti yake akiwa anapepeta karanga uani, akavua kofia, akamwomba. “Mama, sikuombi uipindue nchi. Naomba gololi yako ilale karibu na yangu. Isiwe peke yake humo mchangani.”

Mbinki mwenyewe hakuwa wa Malkia wala wa jamhuri. Alikuwa na kauli yake kwamba kati ya hao wawili hajamwona aliyewahi kumshikia mchi. Lakini baba aliomba, akamwahidi. Baba akafurahi kama aliyepewa ng’ombe.

Halafu likaja lile jigambo la Kalilu.

Manju wetu, Kemo Jobarteh, alilitungia wimbo kabla vumbi la mkutano halijatua: Kalilu mwenye sikio la popo, hata gololi ikinong’ona anaisikia. Wimbo wa manju ni kama moto wa majani, haurudi ulikotoka. Baada ya hapo watu wazima walianza kumwendea fundi bandani kwa adabu ambayo hawakuwa nayo juzi. Mmoja alimletea kuku, akamwomba atakalosikia alimeze. Kalilu alimpokea kuku, akamla, akaahidi kulimeza jingine pia. Angeweza kusema alikuwa anatania. Kila siku iliyopita ilizidi kumpandisha, na kadiri alivyopanda ndivyo ngazi ya kushukia ilivyozidi kuwa fupi.

Na ukweli aliujua yeye tu. Zile kengele zilikuwa mapacha, boksi moja, bati moja, springi moja. Hata mama yao asingezitofautisha.

Siku moja kabla ya kura, wakati wa chakula cha mchana, Mbinki alimuuliza taratibu, “Baba Sarjo, kweli utasikia?”

Walikuwa wawili tu, na bakuli katikati. Hapakuwa na manju, hapakuwa na karani. Kama kuna mahali mtu anaweza kuvua uongo wake bila aibu ni pale. Kalilu akafinyanga tonge, akasema, “Nitasikia.”

 “Basi usikie vizuri,” Mbinki akasema, akaondoa bakuli.

Siku ya kura hapakuwa na baiskeli hata moja barabarani, na fundi hakuwa na kazi. Waliokwisha kupiga kura na waliongojea walikaa nje ya shule, umbali ulioruhusiwa, na katikati yao Kalilu alikaa kwenye kiti kama hakimu, macho amefumba. Ikilia ngriing, anainua kidole, anangoja kidogo ili watu waumie, kisha anasema: “Jamhuri.” Vicheko, makofi. Alikuwa hakosei, na hata wewe usingekosea. Kijiji chote kilitaka jamhuri. Ukisema mvua ya mwezi wa nane italowesha, nani atakuita mtabiri?

Sajini akaingia na nishani yake. Ngriing. Kalilu akafumbua jicho moja, akasema, “Malkia!” Watu wakalipuka. Sajini akatoka, akasikia, akasimama wima na kuwapigia saluti wote, naye akicheka. Akakaa kwenye benchi mbele kidogo ya Kalilu, akatazama mlango wa shule. Alikuwa anamngoja wa pili wake.

Mbinki akaingia.

Kimya cha hapo Kalilu alikielezea mpaka uzeeni, na kila alipokielezea alipunguza sauti. Watu waliacha kutafuna kola. Walijua ni mke wa katibu wa vijana na ni binti wa Sajini. Nusu yao walikuwa wamekuja kwa ajili ya mlio huo mmoja. Ngriing. Mlio uleule, bati lilelile. Vichwa vyote vikamgeukia Kalilu. Kemo manju akasema, “Haya, mwenye sikio. Na huyu?”

Hakujua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo ilifika gololi ambayo hakuijua. Kama angesema Malkia, nyumba ya katibu wa vijana ingekuwa imempigia kura Malkia mbele ya chama kizima, na Kemo angekuwa na wimbo mpya kabla ya magharibi. Kama angesema sijui, basi yote yalikuwa porojo, na yule kuku arudishwe.

“Jamhuri,” akasema. Akaongeza, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kuanza: “Imelia wazi kabisa.”

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Sajini hakugeuka. Alivaa kofia yake vizuri kwa mikono miwili, akainuka, akaondoka kwa mwendo wa gwaride, mgongo umenyooka. Mbinki alipotoka akiwa anatabasamu, akimtafuta baba yake kwa macho, alichokiona ni huo mgongo.

Mapipa yalifungwa lakiri yakapelekwa Kerewan kwenye ofisi za serikali, gololi za Dasilami zikamwagwa pamoja na za vijiji vingine, zikahesabiwa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema sisi tulitoa ngapi za pipa jekundu, moja au mbili. Redio ikatangaza kwamba jamhuri imepata kura nyingi, lakini sheria ilitaka thuluthi mbili, na zimepungua mia saba na ushei. Malkia amebaki. Kijiji kilinuna wiki nzima. Mtu pekee aliyepaswa kushangilia alikuwa nyumbani kwake, mlango umefungwa, na hakuna aliyemsikia hata akikohoa.

Jioni ya siku ya kura yenyewe Mbinki alikuwa ameshaambiwa na majirani alichosema mumewe. Hakupiga kelele. Alimfuata bandani akamkuta anapanga spana.

“Nilimpa baba,” alimwambia. “Gololi yangu nilimpa baba. Nenda kamwambie huna sikio.”

Kalilu aliapa kwamba atakwenda. Aliapa kwa Mungu na kwa mtoto. Lakini kwanza karanga zitoke shambani. Kisha mzee hasira zimpungue, maana chuma cha moto hakishikwi. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka uliofuata, na wagombea wa pande zote wakatuma watu kumwomba fundi mwenye sikio aje akae nje ya vituo vyao. Alikwenda. Alipanda lori akiwa mbele, pembeni ya dereva. Mtu anayealikwa vijiji saba kwa ajili ya sikio lake atasimama wapi aseme hana sikio? Alikuwa anatengeneza sentensi hiyo kichwani kila siku, alisema, na kila siku ilikosa nati moja.

Mbinki alikwenda mwenyewe kwa baba yake. Alimkuta barazani na kofia kichwani. Mzee akainuka kwa adabu, akamvutia kiti, akamletea maji kwa mkono wake, akamuuliza hali ya mumewe na ya mtoto. Akamwita “mke wa Marong”. Kofia haikuvuliwa.

Mbinki akamwambia alichofanya, neno kwa neno: aliingia, aliliona pipa jekundu, akaitumbukiza gololi kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

“Usijisumbue,” akamjibu. “Uliogopa kuvunja nyumba yako, sikulaumu. Nimeona askari wazuri wakiogopa. Lakini mumeo alisikia, na mumeo ndiye aliyefunga kengele. Maji hayo yamepoa, nikubadilishie?”

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Mzazi akikutukana bado ni mzazi wako. Mbinki aliyanywa yale maji, akarudi, na akawa anakwenda kila Ijumaa. Kila Ijumaa alivutiwa kiti.

Sajini hakukanyaga tena bandani. Lile gurudumu la lori lilibaki bila mtu. Mteja akitaka kulikalia, Kalilu alimpa kiti. Ataya alichemsha peke yake. Akipata hoja nzuri kuhusu Malkia, na zilimjia nzuri sana miaka hiyo, hakuwa na wa kumrushia. Alinieleza kwamba siku moja aliipata ile ambayo ingemnyamazisha mzee kabisa, iliyo bora kuliko zote, akafika nayo mpaka karibu na uzio wa mzee, akageuka. Nilimuuliza ilikuwa hoja gani. Akasema ameisahau.

Masika ya mwaka wa nne kikohozi cha Burma kikamlaza Sajini. Habari ilipokuja kwamba hali chakula tena, Kalilu alifunga banda mchana kweupe, akaenda. Alimkuta mzee kwenye mkeka, mwembamba, Mbinki amekaa miguuni pake. Kalilu akapiga magoti. Sentensi aliyoitengeneza miaka yote hiyo ikatoka bila nati hata moja.

“Baba, sikusikia kitu siku ile. Kengele zilikuwa sawa. Nilisema jamhuri kwa sababu watu walikuwa wananitazama.”

 Sajini akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililommaliza Kalilu.

“Miaka yote ulikuwa unasikia,” mzee akasema, “mpaka umepandishwa malori. Leo nakufa ndiyo umekuwa kiziwi?”

“Wallahi, Baba.”

“Sikiliza. Umekuja kumtetea mkeo, na ni vizuri. Nilipokupa binti sikujua kama utakuwa mume mwema. Sasa nimejua.” Akampapasa mkono. “Usiape kwa uongo kwa ajili yangu. Nimeshasamehe, muda mrefu.”

Kalilu akaleta kila ushahidi alioweza. Akataja boksi, akataja bati, akasema zile kengele zipo ghala la serikali Kerewan, zikaletwe zigongwe zote mbili mbele yake. Kadiri alivyoongeza ndivyo mzee alivyozidi kumwonea huruma, kama unavyomwonea huruma mtoto anayekudanganya ili usilie.  Mbinki alikuwa anamsugua baba yake miguu. Alipoinuka kutoka, mzee akamshukuru. Alisema, “Asante, mke wa Marong.”

Akafa wiki hiyo. Alizikwa na nishani yake, imamu akalifumbia macho.

Baada ya sadaka ya arobaini Mbinki alirudi kwa mumewe. Alipika, alifua, alimlea Sarjo na waliofuata, hakumnyima chochote ambacho mke anaulizwa na Mungu. Ila jina moja alilibadili. Hakumwita tena baba Sarjo. Alimwita “fundi”, kama wateja. Fundi, chakula tayari. Fundi, mvua inakuja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, joto likichemsha lami, kura ya maoni ililetwa tena. Karani mwingine, suruali ileile. Alikuja bandani kutafuta kengele, na Kalilu akamwambia hauzi kengele. Karani akaziona zimepangwa rafuni, zinang’aa. Kalilu akazitoa zote, akamsukumia boksi zima, akamwambia achukue, na asirudishe hata moja.

Siku yenyewe watu walimwekea kiti palepale nje ya shule. Alikataa kukikalia, akasimama nyuma, karibu na ukuta. Mbinki akaingia. Ngriing. Vichwa vikageuka tena, vilevile, baadhi vikiwa na mvi sasa, na Kemo akauliza tena.

“Sijui,” Kalilu akasema kwa sauti. “Sijawahi kujua. Hakuna anayeweza kujua. Niliwadanganya wote, na kwa uongo huo nilimuua mzee wangu.”

Mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata. Walidhani ndiyo mbwembwe yake mpya. Kemo akatunga wimbo kuhusu mwenye kipaji anayejishusha. Hata harusini uliimbwa, na bado mabibi wanaujua.

Safari hiyo jamhuri ilipita. Picha ya Malkia ilishushwa shuleni, ikapandishwa ya kiongozi wetu wenyewe, anayejua majina yetu. Mengi aliyoyatabiri Sajini yalikuja baadaye, na mengi aliyoyatabiri Kalilu pia yalikuja, na wao wawili wangeweza kubishana miaka mingine thelathini juu ya nani alishinda. Bandani palikuwa na hoja za kutosha. Lile gurudumu limezama sasa, umebaki ukingo tu juu ya udongo.

Mbinki alifariki kabla ya mumewe. Hakusema kamwe mara ile ya pili gololi yake ilikwenda wapi, na Kalilu hakuthubutu kuuliza. Yeye mwenyewe tulimzika masika yaliyopita, mzee sana, na cha ajabu masikio yake yalikuwa yameharibika kabisa. Ukitaka kuongea naye ulimpigia kelele, na bado alijibu jingine. Vijana wa kijiweni tulimtania kwamba Mungu ana ucheshi wake. Alikuwa anatabasamu tu, maana hakusikia.

Banda analo Sarjo. Ana tairi, ana tyubu, ana minyororo, pedeli, taa za betri za Kichina, hata vioo vya pikipiki. Kengele hana. Baba yake hakuzirudisha rafuni tangu siku ile alipomsukumia karani boksi, na Sarjo hajaona sababu ya kuzirudisha yeye. Anayetaka kengele anaelekezwa Farafenni sokoni, duka la kona karibu na kivuko cha barabara. Ni dalasi mia moja na hamsini.